Mkono Hauna Spea

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi. Yanatolewa hapa kwa faida ya ndugu waliokuwa zamu siku ile.)



Sisi tuliosimama mbele yenu ni mafundi wa karakana ya mabehewa. Hatukusoma sana. Wengi wetu tuliishia shule ya msingi ya misheni, tukatoka huko na kusoma, kuandika na hesabu, na mengine yote tumefundishwa na spana. Kwa hiyo msitazamie maneno ya kupambwa. Kamati imetuomba tuseme juu ya jambo moja tu, nalo ni mikono yetu, na ile mashine tunayoiita lifti ya mkasi.

Twaanza kwa kuwaomba mfanye jambo dogo. Kila mmoja aweke mikono yake miwili juu ya magoti, aitazame. Katika kila mkono mna mifupa 27. Ndani ya vidole vyenyewe hamna nyama za kuvikunja. Nguvu ya kukunja kidole hutoka hasa katika kigasha, yaani baina ya kiwiko na kiganja, nayo huletwa na kano zinazopita ndani kama kamba. Ndiyo sababu kidole kilichopondwa ni taabu kubwa. Hata mfupa ukiunga, zile kamba zikishikana na kovu, kidole hukaa kimenyooka kama kijiti.

Katika karakana yetu kila kitu kina spea. Beringi ikiisha, twajaza fomu, twaenda stoo. Mpira wa breki ukikatika, twapewa mwingine. Hata gurudumu zima la behewa hubadilishwa. Lakini hakuna fomu ya stoo ya kuomba kidole cha shahada. Mkono hauna spea.

Sasa tuitazame mashine yenyewe, kwa kuwa wengine hapa ni makarani na walinzi, hawajaikaribia. Lifti ya mkasi ni meza ya chuma. Chini yake kuna vyuma vinavyopishana kama mkasi wa fundi cherehani, navyo vimeshikwa katikati kwa pini. Meza ikipanda, mkasi unasimama. Meza ikishuka, mkasi unalala na kufumba. Nyingine ni ndogo za magurudumu, nazo humpandisha fundi pamoja na vyombo vyake afikie paa la behewa au taa za karakana. Nyingine hukaa chini ya kazi, tukazitumia kushushia kompresa, betri na vitu vingine vizito vilivyofungwa chini ya behewa. Ni mashine nzuri. Kabla yake tulishusha vitu hivyo kwa jeki na magogo na migongo yetu, na migongo ya wazee wetu yajua habari hiyo. Hatukuja kuitukana mashine. Twataka kusema tabia yake.

Tabia yake ya kwanza ni hii, na tukisahau mengine yote ya leo tuishike hii moja. Meza hupanda kwa nguvu ya pampu, lakini kwa kawaida hushuka kwa uzito wake yenyewe. Ikipanda mwasikia mota ikinguruma, kwa kuwa pampu inasukuma mafuta ndani ya silinda. Ikishuka, aghlabu hakuna mota inayofanya kazi. Vali imefunguka tu, mafuta yanarudi ndani ya tangi, na uzito unafanya yaliyobaki. Basi mtu anaposema, "Zima mota, nitie mkono," hajaizuia meza kushuka. Amezima kile kinachoipandisha. Kinachoishusha ni uzito, na uzito hauna swichi.

Tabia ya pili ni kwamba meza huonekana ya polepole. Mtu husema moyoni, hii haina haraka, nitautoa mkono kabla haijafika. Lakini tazameni mkasi wa kukatia nguo. Ukiwa umefunguka sana wembe uko mbali na wembe, nao ukikaribia kufumba nafasi huisha yote kwa mara moja. Tena pale karibu na pini ndipo unapokata kwa nguvu zaidi, hata mtoto mdogo aweza kukata kadibodi hapo. Vyuma vya lifti ni vivyo hivyo, ila juu yake pana uzito wa meza na mzigo wote.

Kuna mahali panne ambapo mashine hii hula mikono. Pa kwanza ni baina ya vyuma vinavyopishana. Pa pili ni ukingo wa meza unapokuja kukutana na fremu ya chini, na pale magurudumu madogo ya mkasi yanapotembea katika njia yake. Pa tatu ni kwa yule aliyepanda juu. Ameshika chuma cha mkingo, meza inapanda au inasogea, na kiganja kinakutana na boriti au kizingiti cha mlango. Pa nne ni pale penye mpini wa kushushia wakati wa hatari. Mara nyingi mpini huo huwekwa chini, karibu na mkasi. Mwenzetu akikwama juu, twakimbia kuuvuta kwa huruma, na mkono ule wa huruma waweza kufumbiwa.

Ndugu, hayo yote twayajua leo. Walakini hatukuyajua vizuri mwaka jana, na aliyetulipia masomo hayo ni ndugu yetu mmoja. Ametupa ruhusa tuseme habari zake, bali hakutaka jina lake litajwe, nasi hatutalitaja.

Asubuhi moja tulikuwa tukishusha kompresa kutoka chini ya behewa. Meza ilikuwa imefika usawa wa kifua, na kompresa imekwisha kukaa juu yake. Nati moja ikaanguka, ikapita ukingoni, ikaingia ndani ya mkasi na kutua katika ile njia ya magurudumu madogo. Ndugu yetu akaiona. Akajua kwamba ikikaa pale meza haitashuka sawa. Akamwambia kijana msaidizi, "Zima." Kijana akazima. Pakawa kimya. Sisi sote, watu sita, tulikuwa hapo, wala hakuna hata mmoja aliyesema neno, kwa maana tulidhani kimya ni usalama. Ndugu yetu akatia mkono wa kushoto.

Meza ile ilikuwa na ugonjwa. Tulikuwa tumeujua kwa majuma kadhaa. Tukiiacha juu jioni, asubuhi twaikuta imeshuka kwa upana wa kiganja. Mafuta yalikuwa yakivuja kidogo kidogo mahali fulani, nasi tukisema, "Hii imezeeka," na kuendelea na kazi. Siku ile, ikiwa na mzigo juu, ikashuka kidogo tu wakati mkono uko ndani. Vidole vikabanwa. Ndugu yetu akapiga kelele, "Pandisha!" Kijana akawasha, akashika kibao cha vitufe. Maandishi yake yalikuwa yamefutika zamani kwa grisi na vidole vyetu. Kulikuwa na vitufe viwili, na mshale hauonekani katika hata kimoja. Kijana akabonyeza kimoja. Kilikuwa cha kushusha.

Hatutasema zaidi ya hapo. Alipoteza kidole cha shahada na cha kati, vyote viwili kutoka kwenye shina. Ile nati baadaye tuliitoa kwa kijiti chenye sumaku. Twaweza kununua nyingine kama ile kwa pesa za kikombe cha chai.

Sasa sikilizeni jambo ambalo ndilo limetuleta mbele yenu. Kila lifti ya namna ile hupewa mwega wake, yaani chuma cha kuegemeza mkasi usifumbe. Wengine huuita sapoti. Fundi akitaka kutia mkono ndani, kwanza anausimamisha mwega, anaishusha meza kidogo mpaka iukalie, ndipo aingize mkono. Hapo hata vali ikifunguka, hata mpira wa mafuta ukipasuka, meza imekaa juu ya chuma. Meza yetu ilikuwa nao. Nao siku ile ulikuwa wapi? Ulikuwa unashikilia mlango wa stoo usifungwe na upepo.

Ndugu, mlango ule ulishikiliwa na mwega ule kwa miezi mingi. Sisi tuliupita kila siku tukienda kuchukua grisi. Wengine wetu ndio tulioupeleka pale.

Siku ya tatu baada ya ajali ukaja kitabu cha ripoti. Palipoandikwa sababu ya ajali pakajazwa neno moja: uzembe. Ndugu yetu akaletewa karatasi aitie sahihi kwa mkono uliobaki. Tulimwendea nyumbani jioni, tukamwambia asitie sahihi. Akatutazama sana. Kisha akatuuliza, "Nisipotia sahihi, wakiniona mtu wa matata, ninyi ndio mtakaowalipia watoto wangu karo?" Hatukuwa na jibu. Tulikunywa chai yake tukaenda zetu.

Usiku ule tulikaa sita tukafanya shauri. Mmoja wetu akasema, "Neno uzembe si kweli." Mwingine akamjibu, "Ukweli ni upi? Tukiandika ukweli tutaandika kwamba mwega tuliutoa sisi. Tutafukuzwa sisi badala yake." Maneno hayo yalikuwa na uzito, wala hatukumcheka aliyeyasema, kwa kuwa kila mmoja alikuwa akiyawaza. Hata hivyo tulitafuta karatasi, tukaandika kama tulivyofundishwa na walimu wetu wa zamani, mstari kwa mstari. Tuliandika kwamba meza ilikuwa inashuka yenyewe, nasi tulijua. Tuliandika kwamba maandishi ya vitufe yalifutika, nasi tulijua. Tuliandika kwamba mwega ulikuwa mlangoni mwa stoo, nasi tuliuweka. Chini tukatia sahihi sita. Kijana msaidizi alitia ya kwanza.

Asubuhi mwakilishi wa chama alikwenda pamoja nasi, tukaikabidhi karatasi ile. Wawili wetu walipata barua za onyo. Hatukufurahi, lakini hatukuwa na ubishi, maana ilikuwa haki. Ripoti iliandikwa upya, na zile sababu tatu zikaingia ndani yake. Meza ikafungwa isitumiwe mpaka vali na sili zilipobadilishwa. Ndugu yetu alitia sahihi ripoti ile ya pili. Leo yuko stoo ya vyombo, ndiye anayetugawia spana. Mlango wa stoo siku hizi unashikiliwa na jiwe.

Yafaa tuseme wazi kwa nini tulilikataa neno uzembe. Wengi wetu twadhani mtu akiitwa mzembe hapati fidia. Si hivyo. Sheria ya Mafao ya Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007, ambayo ilichukua mahali pa ile ya zamani ya Sura ya 236, haimtaki mfanyakazi athibitishe kwanza kwamba tajiri ndiye mwenye kosa. Kuteleza kwa kawaida kwa mtu aliye kazini si sababu ya kumnyima. Kujidhuru kwa makusudi ni jambo jingine. Basi ubaya wa neno uzembe hauko hasa katika fedha. Ubaya wake ni kwamba linafunga kitabu. Likiisha kuandikwa, hakuna anayeuliza habari ya vali, wala ya vitufe, wala ya mwega. Mtu ameondoka na vidole vyake viwili, na mashine inabaki vile vile ikimngojea mwingine. Neno moja lilikuwa linataka kufunika makosa matatu, na moja katika hayo lilikuwa letu.

Sasa tuseme yatupasayo kufanya. Tumeyapanga ili yapate kushikika.

Kwanza, usitie mkono ndani ya mkasi mpaka mwega umesimama na meza imeukalia. Kuzima mota hakutoshi. Kama mzigo waweza kuondolewa kwanza, uondolewe. Ukiisha kuweka mwega, zima umeme, funga swichi kwa kufuli, na ufunguo ukae katika mfuko wa yule aliyetia mkono, si wa mwingine.

Pili, mwega una kazi moja tu. Si mtaimbo, si nyundo, si kishikio cha mlango. Sisi tumeupaka rangi nyekundu na kuufunga kwa mnyororo kwenye meza yake. Mnyororo ni mrefu wa kutosha kufika mkasini, nao ni mfupi usiweze kufika stoo.

Tatu, kitu kikianguka ndani, mkono si chombo cha kukitolea. Tumieni kijiti, ndoano ya waya, au sumaku yenye mpini. Tumetundika kimoja kwenye kila meza.

Nne, meza ikiachwa juu bila kuguswa na baadaye ikakutwa imeshuka, hiyo si meza iliyozeeka tu, ni meza mgonjwa. Ifungwe, iandikwe, isitumiwe.

Tano, usitafute mvujo wa mafuta kwa kidole. Mafuta yaliyo katika mpira wa silinda yana msukumo mkubwa sana. Yakitoka katika tundu dogo kama la sindano hupenya ngozi bila hata kuipasua vizuri. Mtu huona alama ndogo tu, haumwi sana, hurudi kazini. Baada ya saa chache mkono huvimba, na nyama ya ndani huanza kufa. Aliyepatwa na hayo aende hospitali mara hiyo hiyo, amwambie daktari kwamba ni mafuta ya msukumo, hata kama kidonda ni kidogo kama chunjua. Mvujo hutafutwa kwa kipande cha kadibodi au ubao, tena ukiwa umesimama mbali.

Sita, anayepanda juu ya lifti asishike chuma cha mkingo kwa upande wa nje anapopita chini ya boriti au mlangoni. Mikono iwe ndani. Atazame juu kabla ya kubonyeza, si baada yake.

Saba, pete ivuliwe. Tunajua ni pete ya ndoa, na mke nyumbani atauliza. Mweleze kwamba pete ikinaswa na chuma yaweza kuvua ngozi yote ya kidole kama soksi. Atakuelewa. Ifunge kwa uzi shingoni, uifiche vizuri ndani ya shati lililofungwa, au iache nyumbani.

Nane, maandishi ya vitufe yasomeke. Yakifutika, yaandikwe upya siku hiyo hiyo. Aliye mgeni katika kazi afundishwe kipi cha kupanda na kipi cha kushuka kabla hajaachiwa kibao. Yule kijana wetu hakuwa mjinga. Hakuna aliyemfundisha, na maandishi yalikuwa hayapo. Mpaka leo halali vizuri, nasi twaomba msimlaumu.

Hizo ni za kuzuia. Lakini yakitokea, tufanyeje? Kaza kidonda kwa kitambaa safi, inua mkono juu kuliko moyo, umpeleke hospitali. Pete na saa zivuliwe upesi kabla ya uvimbe. Kama kidole kimekatika, kisiachwe. Kifungwe katika kitambaa safi kilicholowa maji kidogo, kitiwe katika mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, kisha mfuko huo uwekwe juu ya barafu yenye maji. Kidole chenyewe kisiguse barafu, maana barafu hukiua. Madaktari mara nyingine huweza kukirudisha, na mara nyingine hawawezi, lakini wasipoletewa hawawezi kabisa.

Na juu ya sheria, twasema machache ambayo kila mwanachama yampasa ayajue kama ajuavyo namba yake ya kazi.

Ajali iarifiwe siku hiyo hiyo, kwa mdomo au kwa maandishi, na sisi twasema maandishi ni bora. Tajiri naye ana siku saba, tangu alipoarifiwa, za kupeleka habari kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, kwa fomu iitwayo DOSH/WIBA 1. Ulizeni kama imekwenda, na muombe nakala. Madai ya fidia yapelekwe kabla ya miezi 12 kupita tangu siku ya ajali. Msingojee mpaka mkono upone sana, maana miezi haingojei. Fidia ya ulemavu wa kudumu hupimwa kwa kuanzia mshahara wa miezi 96, na mwenye kupoteza sehemu tu ya mwili hupata sehemu ya hiyo kwa kadiri ya jedwali la sheria. Aliyepoteza mikono yote miwili huhesabiwa kuwa amelemaa asilimia 100. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 60 za kuupinga mbele ya Mkurugenzi. Zamani watu walikuwa wakibishana kama madai yaanzie kwa Mkurugenzi au mahakamani, lakini Mahakama ya Juu ilimaliza shauri hilo mwezi wa Desemba mwaka 2019, nayo ikasema sheria hii ni halali. Basi mlango ni kwa Mkurugenzi. Msidanganywe na mtu wa njiani.

Tena iko Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, iliyochukua mahali pa ile Sheria ya Viwanda ya zamani, Sura ya 514. Hiyo yasema mahali penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya, na wafanyakazi wawe na wawakilishi ndani yake. Yasema pia kwamba mfanyakazi akiona hatari kubwa amwarifu msimamizi wake, na msimamizi asimrudishe penye hatari hiyo mpaka imeondolewa. Tena yakataza mtu kuadhibiwa kwa kuwa amelalamikia usalama. Haya si maneno ya chama. Ni maneno ya Bunge. Lakini sheria ni kama ule mwega. Ikilala pembeni haizuii kitu.

Ndugu Mwenyekiti, tunakaribia mwisho. Wazee husema ajali haina kinga. Hatuwapingi wazee wetu. Ziko ajali ambazo mtu hazioni zikija. Walakini hii ya kwetu ilikuwa na kinga. Kinga yenyewe ilikuwa ya chuma, yenye urefu wa mkono wa mtu, nasi tuliifanya kishikio cha mlango. Basi kabla hatujasema tena ajali haina kinga, twende kwanza tutazame kinga iko wapi.

Na wazee hao hao wametuachia neno jingine, kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Mtu mmoja akimwambia msimamizi, "Meza hii inashuka yenyewe," aweza kuambiwa aende akafanye kazi. Watu sita wakisema, tena kwa sahihi zao, huandikwa. Hilo tumeliona kwa macho yetu. Lakini yatupasa tuseme tukiwa na mikono safi, na mikono yetu haitakuwa safi kama tunaficha sehemu ya kosa iliyo yetu. Karatasi ile ilisikilizwa kwa sababu tulianza na kujiandika wenyewe.

Ombi letu kwa mkutano huu ni dogo. Jumatatu asubuhi, kabla ya king'ora cha kuanza kazi, kila zamu iende kwenye lifti yake. Mtu mmoja aulize kwa sauti, "Mwega uko wapi?" Kama uko mahali pake, fanyeni kazi. Kama hauko, msianze mpaka umepatikana. Wale wasio na lifti waulize habari ya jeki zao, winchi zao na milango yao mizito, maana kila kitu kizito kina mahali pake pa kubana.

Ndugu yetu wa stoo hakuja leo, yuko zamu. Tulipomwuliza anataka tuwaambie nini, alifikiri kidogo, akasema, "Waambieni nati ikianguka waiache."

Umoja ni nguvu.